Mwezi wa Kibirizi na mwezi wa ubaoni

Mbalamwezi ikiingia, mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, hubadilika sura. Mitumbwi huvutwa nchi kavu, nyavu hutandazwa mchangani zishonwe, na akina baba ambao asubuhi nyingine hulala fofofo huonekana barazani wakinywa chai na watoto. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa; zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Taa inataka giza. Katika maji meusi dagaa huiona peke yake, hukusanyika chini yake, wavu ukainuliwa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, na taa ya mvuvi haimwiti tena dagaa yeyote. Ndiyo maana mtoto wa mwaloni anaujua umri wa mwezi kama anavyoujua umri wa mdogo wake.

Nilipokuwa kidato cha kwanza nilikaa dawati moja na mtoto wa namna hiyo. Ukimwambia leo ni usiku wa nne tangu mwezi mpevu, anakuonyesha kilima utakapochomozea na saa yenyewe. Tukafika mada ya mfumo wa jua kwenye jiografia. Mwalimu alichora duara la mwezi mara nane ubaoni, akaandika majina yake kwa Kiingereza, tukanakili, tukakariri, tukafanya jaribio. Mwenzangu aliliacha wazi swali la mwezi. Alama zake zilisomwa kwa sauti mbele ya darasa. Nakumbuka alivyoikunja ile karatasi mara nne mpaka ikaingia mfuko wa shati. Jioni ileile watu wazima walikuwa wakimuuliza yeye usiku gani waanze kuandaa taa.

Sijawahi kukubaliana na alama zile. Leo mimi nami ni mwalimu, na nasema bila kusita: hapa Kigoma somo la anga lianzie mwaloni, usiku, kwa Kiswahili. Ubao utafuata.

Angalia alichokuwa anakijua. Kutoka mwezi mpevu hadi mwezi mpevu mwingine ni siku 29 na nusu. Kila siku mwezi unasogea mashariki kwa nyuzi kama 12, kwa hiyo Dunia inabidi izunguke kidogo zaidi ndipo tuuone tena, na mwezi unachelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50. Dakika hizo ndizo zinazowarudisha wavuvi kazini. Siku chache baada ya mwezi mpevu kunakuwa na saa mbili tatu za giza kati ya magharibi na mwezi kutoka, na kila usiku giza hilo linarefuka. Huo ndio mzingo wenyewe, yaani njia ya mwezi kuizunguka Dunia, umepimwa kwa dagaa. Mwanasayansi Mwingereza Newton alieleza mwaka 1687 kwamba nguvu inayouzungusha mwezi ni ileile inayoangusha vitu hapa chini, na mimi darasani nasema ni ileile inayoangusha embe Ujiji. Mwezi unaanguka kuelekea kwetu kila sekunde, ila papo hapo unakwenda kando kwa kasi ya kilomita 1 hivi kwa sekunde, basi kila ukianguka unaikosa Dunia.

Siku ya nusu mwezi, kwenye saa 11 jioni, nawatoa wanafunzi nje. Mwezi uko juu, upande wa mashariki, jua linaelekea milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Kila mmoja ananyoosha mkono na kuliinua chungwa mpaka likae kando ya mwezi. Jua linaliangaza chungwa nusu, upande uleule unaong'aa kwenye mwezi. Kwanza kunakuwa kimya, halafu kelele. Wengi walikuwa wameshika kwamba kivuli cha Dunia ndicho kinachoukata mwezi kila usiku. Wakiliona lile chungwa, dhana hiyo inakwisha bila mimi kufungua mdomo. Kivuli cha Dunia kinaufikia mwezi siku ya kupatwa tu.

Vitabu vingi vimeandikwa kana kwamba anga ni moja kwa kila mtu. Vinasema jua linafika juu kabisa saa 6 mchana. Kigoma haliko hivyo. Saa ya Tanzania imefuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu, na sisi tuko kwenye nyuzi 29.6. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo jua letu liko nyuma ya saa ya ukutani kwa saa nzima. Kila aliyefunga Ramadhani hapa analijua hili tumboni mwake: adhana ya magharibi inasikika redioni kutoka Dar es Salaam, na sisi bado tuna karibu dakika 40 za kungoja. Nilipokuwa mtoto nilidhani watu wa Dar wanapendelewa. Mwalimu angenieleza siku hiyo kwamba ninayoyangoja ni mzunguko wa Dunia, nisingesahau mpaka kufa. Tena ukisimamisha kijiti wima uani karibu na tarehe 8 Machi, saa 7 na dakika 12 hivi, hakina kivuli. Tarehe 5 Oktoba hivi jua linarudi tena utosini, safari hii saa 7 kasoro dakika 10. Kijiti hakiuzwi dukani, na shule isiyo na maabara inaweza kufanya jaribio hilo sawa na nyingine yoyote.

Nyota nazo wazee wamezishughulikia kabla yetu. Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua: methali hiyo ya kishada cha nyota ni kalenda. Dunia ikizunguka jua, usiku wetu unatazama pande tofauti za anga, na mwezi Novemba, mvua zikiwa zimeanza, Kilimia kinachomoza mashariki giza likiingia. Mwanga wake umetoka huko miaka kama 440 iliyopita. Karibu nacho iko nyota nyekundu-nyekundu, Aldebaran, iliyo umbali wa miaka ya mwanga kama 65. Nawaambia wanafunzi: mwanga mnaouona ulianza safari karibu na Uhuru, mwaka 1961, ukaenda kilomita 300,000 kila sekunde bila kupumzika, ndio kwanza unafika Kibirizi.

Hapo swali la mwanzo wa vyote linakuja lenyewe, na hapo walimu wengi tunaogopa. Wa kwangu aliisoma aya ya Mlipuko Mkuu haraka akafunga kitabu. Namwelewa, Ujiji ni mji wa misikiti, misheni ziko kila upande, nani anataka mzazi aje kulalamika? Lakini aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 kwamba ulianza ukiwa kitu kidogo sana, alikuwa Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji, na yeye mwenyewe hakutaka hesabu zake zitumiwe kama hoja ya dini. Mwanaastronomia Mmarekani Hubble alionyesha mwaka 1929 kwamba kadiri galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, ilivyo mbali ndivyo inavyotukimbia kwa kasi zaidi. Mwaka 1965 wanasayansi Penzias na Wilson walitangaza mvumo walioshindwa kuuondoa kwenye antena yao Marekani. Walikuwa wamesafisha hata kinyesi cha njiwa, mvumo ukabaki. Lilikuwa joto lililosalia la ulimwengu mchanga, ambao leo tunauhesabia miaka bilioni 13.8. Mtoto mwenye imani yake anaweza kuyasikia haya yote na kwenda kuswali kwa wakati. Kumficha ni kumdharau.

Mwenzangu wa dawati sasa ana mtumbwi wake. Mbalamwezi moja, akiwa hana safari, nilimpelekea darubini ya macho mawili. Tukaiegemeza kwenye tawi la mwembe isitikisike, akaitazama sayari ya Mshtarii (Jupita), na vinukta vitatu vilivyojipanga kando yake. Sikumwambia kwamba ni miezi ya sayari hiyo. Usiku wa pili nilimkuta ameshaegemeza darubini mwenyewe, chai yake imepoa kwenye kikombe.

"Mwalimu," akasema, jicho halitoki kwenye kioo, "kile cha kulia kimehamia kushoto. Na kuna cha nne, jana kilikuwa kimejificha wapi?"

Galileo, mwanaastronomia wa Italia, aliuliza hivyohivyo Januari 1610.