Matofali ya zamani yaacheni yapumue

Nyumba nyingi za zamani huku Mufindi na Njombe zina sehemu ya kuotea moto iliyojengwa kwa matofali ya kuchoma, wazi, bila lipu. Anayekarabati nyumba ya namna hiyo siku hizi husikia ushauri uleule kutoka kwa fundi: tuyasugue, tupige vanishi, yang'ae. Napinga ushauri huo kwa nguvu zangu zote.

Matofali yale yalifyatuliwa kwa mkono na kuchomwa kwa kuni, na moto wa tanuri haufiki sawasawa kila mahali. Ndiyo maana ukutani utakuta moja gumu, linalolia ukiligonga, na jirani yake laini linaloacha vumbi jekundu kidoleni. Mvua ikipenya kwenye bomba la moshi, maji huteremka ndani ya ukuta yakibeba chumvi, kisha hutafuta pa kutokea. Ukishaziba uso kwa vanishi, chumvi inaganda nyuma ya utando. Nimeuona ukuta uliofanyiwa hivyo: vanishi imegeuka njano na kufura malengelenge, ukiigusa inabanduka na ganda la tofali, nyuma yake unga mweupe. Ganda likishatoka halirudi.

Kusafisha nakubali kabisa, ila anza pakavu. Vaa barakoa, shika brashi ya nyuzi ngumu, shuka kutoka juu kwenda chini. Masizi yakilowa kabla ya kupanguswa huzama kwenye vitundu vya tofali na kuyatoa ni kazi kubwa. Brashi ya waya inachubua, na vipande vyake hubaki ukutani vikashika kutu. Baada ya hapo sabuni ya maji na maji ya vuguvugu, ukijaribu kwanza kwenye kona iliyojificha.

Kinachonitia hofu zaidi ni kusafisha kwa tindikali. Inakula chokaa iliyoshikanisha matofali, halafu mianya inazibwa kwa saruji ngumu kuliko tofali lenyewe, na unyevu unakosa njia. Palipokuwa na chokaa parudishiwe chokaa.

Anayetaka kinga dhidi ya madoa atafute dawa ya kupenya ya silani na siloksani, yaani kemikali zinazofukuza maji, isiyoacha utando, aipake baada ya bomba la moshi kuzibwa panapovuja na ukuta kukauka vizuri. Tena kwa nje tu. Ndani, kuni zinakowaka, asipake chochote.