Umri wa kuoana wanao, mshahara wa kuishi pamoja hawana

Kwa miaka niliyoishi Uingereza nimesikia watu wakiijadili viza ya mume au mke kama suala la makaratasi: fomu ipi, taarifa ya benki ya miezi mingapi, mwanasheria yupi anaaminika. Mimi naona tatizo liko kwingine. Kiwango cha mapato anachodaiwa mdhamini, yaani yule aliye hapa anayetaka kumleta mwenzake, kimegeuka kuwa kikomo cha umri, ila kimeandikwa kwa pauni. Anayekwama zaidi ni kijana, na kijana huyo hajafanya kosa lolote. Ndiyo kwanza ameanza kazi.

Turudi nyuma kidogo. Novemba 2008 serikali ya hapa ilipandisha umri wa viza ya ndoa hadi miaka 21, kwa mdhamini na kwa anayedhaminiwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia ndoa za kulazimishwa, na hilo sina ugomvi nalo hata kidogo. Lakini Oktoba 2011 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kanuni hiyo iliwaumiza mno vijana waliooana kwa hiari yao, na mwezi uliofuata umri ukarudi 18. Haukupita mwaka. Julai 2012 kikaja kiwango cha mapato: mdhamini awe anapata pauni 18,600 kwa mwaka kabla ya kodi, na zaidi ya hapo kama kuna mtoto wa kuja naye. Sisemi kulikuwa na njama. Nasema kwamba kwa mtu wa miaka 19 au 20 jibu analopewa ni lilelile: subiri kwanza.

Tarehe 11 Aprili 2024 kiwango kikapanda hadi pauni 29,000. Hesabu yake si ngumu, na kila anayeishi hapa na kulipwa kwa saa ameshaipiga kichwani. Kima cha chini cha mshahara kuanzia Aprili 2025 kiliwekwa pauni 12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na kuendelea. Ili ufikishe 29,000 kwa malipo hayo, unahitaji karibu saa 46 kila wiki, mwaka mzima, bila wiki moja isiyolipwa. Sasa mtazame mwenye miaka 18 hadi 20. Yeye kima chake kiliwekwa pauni 10 kwa saa, kwa hiyo anahitaji karibu saa 56 kwa wiki. Sheria ya kazi ya nchi hiihii inasema mwajiri asimfanyishe mtu zaidi ya wastani wa saa 48 kwa wiki, mpaka mfanyakazi mwenyewe aweke sahihi kwamba amekubali kuzidisha. Yaani serikali imempangia kijana mshahara, ikampangia na saa, kisha ikamdai kiasi ambacho mshahara huo na saa hizo haviwezi kuzaa.

Kuna kijana wa kwetu Kenya ninayemfahamu anayefanya kazi ya ghala, zamu ya usiku, akipanga mizigo ya watu wanaoagiza vitu kwa simu. Analipwa kwa saa, kwa hiyo kinachoangaliwa ni wastani wa miezi sita kwa mwajiri mmoja: lazima jumla ifike pauni 14,500. Ameigawa hadi kwenye wiki, pauni 558, na namba hiyo ameiandika nyuma ya kitambulisho chake cha kazini. Kila Ijumaa hati ya mshahara ikiingia kwenye simu, hatazami kitu kingine chochote, anatazama kama 558 imevuka. Januari kazi hupungua ghalani, zamu zinakatwa, wastani unashuka. Mafua yakimlaza siku tatu, anahesabu mafua kwa pauni. Mke wake ana miaka 21, yuko Nairobi, na wakizungumza usiku mazungumzo yao yameacha kuwa ya watu wapya katika ndoa. Ni saa za ziada, ni msimamizi wa zamu, ni kama Jumapili itapatikana.

Mama yake anapiga simu kutoka nyumbani: "Mwanangu, mbona humchukui mwenzio? Kwani huko mmeajiriwa bure?" Anamjibu, "Mama, ni mambo ya serikali," na mama ananyamaza kwa adabu, lakini najua hajaridhika. Ataridhikaje? Kwa anavyoijua dunia yeye, watu wakishaoana kilichobaki ni nauli.

Na hapa ndipo ninapotaka kulinganisha kwa haki, maana ni rahisi kuisifu nchi uliyoiacha ukiwa mbali nayo. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inataka wanaooana wawe wametimiza miaka 18 na wakubali kwa hiari yao. Haiulizi mshahara. Katiba ya 2010, ibara ya 15, inasema aliyeoana na raia kwa miaka isiyopungua saba ana haki ya kuomba asajiliwe kuwa raia. Mkenya anayemleta mwenza wake mgeni atapanga foleni ya vibali kama foleni zetu zilivyo, na anaweza kusumbuliwa vya kutosha, lakini hawekewi mshahara wa mwaka kuwa kizingiti cha ndoa yake. Tukubali pia kwamba serikali yetu haiulizi kwa sababu haitoi. Hakuna ruzuku ya nyumba ambayo itaogopa kwamba mke mgeni ataila. Mambo yakiharibika wanaobeba ni kaka, shangazi na wazazi ambao wenyewe wana yao, na wengi wamechoka kubeba. Siitamani hali hiyo irudi kwa mtu yeyote.

Bado kuna kitu nyumbani wamekipata sawa, nacho ni kuwatazama wawili kama wawili. Hapa anatazamwa mmoja. Mke wa huyo kijana amesomea uuguzi na ana kazi. Kipato chake cha Nairobi hakihesabiwi. Hata angekuwa na barua ya kazi Uingereza inayomsubiri, mshahara huo hauingii kwenye hesabu ya maombi ya kwanza. Akishaingia nchini na viza ya mwenza anaruhusiwa kufanya kazi siku hiyohiyo, na viza ikifika mwisho baada ya miezi 33, wakati wa kuiongeza, mshahara wake unajumlishwa na wa mumewe. Kumbe sheria inajua fika kwamba wawili hutafuta pamoja! Inakataa kulitambua hilo katika kipindi kile tu wanapolihitaji.

Ndugu nao hawana nafasi. Wenzetu walioko Marekani wana utaratibu wa mdhamini mwenza: mshahara wako usipotosha, mtu mwingine, hata rafiki tu, anaweza kuweka sahihi pamoja nawe, na kiwango chenyewe ni asilimia 125 ya mstari wa umaskini, ambayo kwa familia ya watu wawili mwaka 2025 ilikuwa kama dola 26,400. Wamarekani wanakaza upande mwingine, kwa sababu sahihi hiyo inakufunga mpaka mwenza awe raia au atimize takriban miaka kumi ya kazi, na talaka haikufungui. Kwa maoni yangu huo ni mzigo mzito, lakini ni mzigo ambao mtu anaruhusiwa kuuchagua. Hapa baba mkwe mwenye uwezo akisema "nitawashika mkono mpaka msimame," neno lake ni la kupokewa katika mazingira ya kipekee tu, na hata hilo limetokana na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Februari 2017. Akitaka kutoa pesa taslimu, zinapaswa ziwe mali ya wanandoa na zikae kwenye akaunti yao miezi sita, na kama mdhamini hana mshahara kabisa, akiba inayotakiwa ni pauni 88,500. Kijana gani ana akiba hiyo?

Wanaotetea kiwango hiki husema mlipa kodi asibebeshwe familia za watu. Ni hoja ya kweli na inastahili jibu. Jibu ni kwamba viza ya mwenza tayari inamkataza kupokea ruzuku za serikali. Na kabla hajapanda ndege, ada ya maombi ilikuwa pauni 1,938 kwa viwango vya Aprili 2025, na ada ya afya ni pauni 3,105, inayolipwa yote kwa mkupuo kabla hajamwona daktari yeyote. Ongeza kipimo cha kifua kikuu na mtihani wa Kiingereza. Huyu si mtu anayekuja kula bure.

Tena msingi wenyewe wa hesabu umebadilika. Zile 18,600 za mwaka 2012 zilipigiwa hesabu ya kipato ambacho wanandoa wakiwa nacho hawatahitaji ruzuku. Hizi 29,000 zimetolewa kwenye mishahara ya kazi za viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi. Mpango ulikuwa zipande hadi 38,700, mpaka serikali iliyoingia Julai 2024 ikasimamisha na kuiomba Kamati ya Ushauri wa Uhamiaji ichunguze. Kamati hiyo katika ripoti yake ya Juni 2025 ilisema wazi kwamba kupima familia kwa kipimo cha waajiriwa hakuna mantiki, na ikataja kiwango cha kati ya pauni 23,000 na 25,000 kuwa kinaweza kutosha. Mke si mfanyakazi anayeagizwa na kampuni. Kuwapima kwa rula moja ni kusahau ndoa ni nini.

Wasichana wanaodhamini waume wana shida kubwa zaidi, na hawasemwi. Wengi ninaowafahamu wako kwenye kazi za kulea wazee, saa hazitabiriki, na ujauzito ukiingia hesabu ya miezi sita inakuwa ndoto.

Ningependa kiwango kisizidi kile ambacho mtu wa umri wa mdhamini hupata akifanya kazi ya kutwa kwa kima cha chini alichowekewa na sheria. Barua ya kazi ya mwenza ihesabiwe. Ndugu aliye tayari kuweka sahihi aruhusiwe. Na vijana wanaosoma hapa, tafadhali msiwasikilize wanaouza hati za mshahara za kughushi. Hati hulinganishwa na taarifa za benki na kumbukumbu za kodi, na udanganyifu ukigundulika mwombaji anaweza kufungiwa mlango.

Kuna jambo ambalo Wakenya wengi hapa hawalijui. Kenya ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola, kwa hiyo Mkenya mwenye miaka 18 anayeishi Uingereza kwa kibali halali anaweza kujiandikisha na kupiga kura ya wabunge, hata kama pasipoti yake bado ni ya Kenya. Kijana wa ghala alikuwa hajui. Usajili ni wa mtandaoni na hauna malipo, na ukishakuwa kwenye daftari, mwandikie mbunge wa eneo lako barua ya ukurasa mmoja: umri wako, malipo yako kwa saa, saa unazofanya, na jina la mtu unayemsubiri.