Saratani ya tumbo kwa panya wa maabara: kemikali inaeleza nini, inaacha nini

Mwaka 1967, Takashi Sugimura na mwenzake walionyesha nchini Japani kwamba panya wa jamii kubwa (rat) waliokunywa maji yenye kemikali ya MNNG walipata saratani katika sehemu ya tumbo yenye tezi, ile inayofanana na tumbo la binadamu. Panya wa jamii ndogo (mouse), ambao ndio tegemeo la watafiti wa vinasaba, hawakuugua kirahisi kwa kemikali hiyo, na ndiyo sababu kwao hutumika nyingine ya jamii hiyohiyo, MNU.

Utaratibu uliozoeleka ni kuwapa maji yenye miligramu 240 za MNU kwa kila lita, wiki moja wanakunywa na wiki inayofuata wanapumzishwa, hadi zitimie wiki tano za kunywa, kisha kuwasubiri kwa miezi kadhaa. Maji hayo hutengenezwa upya mara kwa mara na kuwekwa katika chupa zisizopitisha mwanga, kwa kuwa MNU huharibika upesi. Ndani ya seli, kemikali hubandika kikundi cha methili, yaani kifungu kidogo cha atomi, kwenye guanini, mojawapo ya herufi nne za DNA. Seli isipowahi kukiondoa kabla ya kugawanyika, guanini hiyo huoanishwa na herufi ya thaimini badala ya saitosini, na kosa hilo huweza kurithiwa na seli zinazofuata. Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba kwa panya hawa ukali wa mchanganyiko umeonekana kuwa na uzito kuliko jumla ya kemikali iliyonywewa.

Wanaoitetea njia hii wana hoja nzito. Mtafiti anajua siku ambayo madhara yalianza, anaweza kurudia jaribio, na anaweza kulinganisha panya wa kawaida na walioondolewa jeni ya p53, ile inayozuia seli zilizoharibika zisiendelee kugawanyika, kazi isiyowezekana kwa mgonjwa anayefika hospitalini uvimbe ukiwa umeshakomaa.

Hata hivyo, saratani ya binadamu kwa kawaida haianzi hivyo. Mara nyingi hutanguliwa na miaka mingi ya uvimbe-joto unaoletwa na bakteria Helicobacter pylori, ambaye Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimtambua mwaka 1994 kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Tezi hudhoofika, na ukuta wa tumbo huanza kufanana na wa utumbo. Kemikali huruka sehemu kubwa ya safari hiyo, na kwa panya saratani hiyo ni nadra kusambaa kwenye viungo vingine. Tena kuna kemikali, kama benzopireni, ambazo kwa panya hushambulia hasa tumbo la mbele, sehemu ambayo sisi hatuna kabisa. Taarifa isiyotaja uvimbe ulitokea sehemu gani ya tumbo haistahili kuaminiwa haraka.

Kwa maoni yangu, MNU ni shahidi mzuri wa namna vinasaba vinavyoharibika, lakini ni shahidi dhaifu wa chanzo cha ugonjwa. Sehemu nyingi za Afrika zina maambukizi mengi ya H. pylori ilhali saratani inayoripotiwa ni chache kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2000, jaribio la panya walioambukizwa bakteria wa jamii hiyo pamoja na minyoo ya utumbo lilionyesha kwamba minyoo ilipunguza kudhoofika kwa tezi za tumbo. Dokezo hilo, kwamba huenda minyoo ni sehemu ya maelezo ya hali hiyo ya Afrika, lilitokana na maambukizi yenyewe, na hakuna chupa ya MNU ambayo ingeweza kulitoa.