Emsii punguza muziki, tunataka kujua nani anaongoza

Nimekaa kwenye kona, jua la utosi, pikipiki zimeshapita zimetuachia harufu yao, tunasubiri zizunguke zirudi. Hapo nataka kujua vitu viwili tu, yule wangu ni wa ngapi, na yule aliyekuwa wa pili mbona safari hii hajapita? Kaanguka? Injini imegoma? Spika iko juu ya nguzo karibu kabisa na kichwa changu na humo ndani kuna jamaa anapiga kelele upande wa kushoto siwasikiii, halafu muziki, halafu upande wa kulia, halafu muziki tena. Kushoto wakaitikia, kulia wakaitikia zaidi maana hakuna anayekubali kushindwa hata kwa kelele. Pikipiki zikarudi zikapita. Yule wa pili hayumo, na sisi bado tunashindanishwa nani ana mapafu makubwa.

Kabla hamjaniita mzee wa kununa niseme kabisa kwamba burudani naipenda, fataki nazipenda, wale jamaa wanaosimamisha pikipiki kwa tairi la nyuma halafu wanashuka wanatembea pembeni yake kama wanampeleka mtoto shule nawaheshimu sana. Shida yangu ni kwamba wengi wanaopanga haya mambo hawajawahi kukaa kwenye kona. Wanakaa juu kwenye vioo, mbele yao kuna skrini sita, kila kitu wanakiona, ndo maana wanadhani na sisi tunakiona tumechoka tu tunahitaji kuchangamshwa.

Piga hesabu. Mugello kule Italia mzunguko una kilomita 5.245, mbio za MotoGP, zile kubwa kabisa za pikipiki duniani, pale ni mizunguko 23, na mzunguko mmoja unaisha kwa dakika moja na sekunde arobaini na kitu. Ukiwa kwenye kona yako yule unayemshabikia unamwona sekunde tano, sita kama umepata sehemu ya juu. Zidisha kwa 23, haifiki hata dakika mbili na nusu kati ya dakika arobaini za mbio. Na ukikaa kwenye ule mstari ulionyooka ndo usiseme, hapohapo Mugello mwaka 2023 mwendeshaji Brad Binder alipimwa 366.1 km/h, mtu wa spidi hiyo humwoni, unaona rangi imepita na kifua kimetikisika. Muda wote uliobaki unaangalia lami tupu na kisogo cha aliyekaa mbele yako. Kwa hiyo mtu wa maiki si mapambo, ndo macho yako. Akianza kutuuliza tumetoka wapi na wapi kama vile harusini, sisi tumefungwa kitambaa usoni.

(Mtaniambia kuna simu. Jaribuni kufungua intaneti mkiwa watu elfu themanini sehemu moja halafu mje mnisimulie.)

Wa kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ayalandi, walilielewa hili zamani sana kwa sababu hawakuwa na ujanja. Mbio zao za pikipiki zinaitwa TT, zinakimbizwa kwenye barabara za kawaida, mzunguko mmoja karibu kilomita 60, na waendeshaji hawaondoki pamoja, wanaachiwa mmoja mmoja kila baada ya sekunde 10. Maana yake anayepita wa kwanza mbele yako si lazima awe ndo anaongoza, anaweza kuwa wa nne kwa saa, na wewe uliyekaa juu ya ukuta wa mawe huwezi kujua hata ukodoe vipi. Ndo maana watu pale wanakaa na redio sikioni, mtangazaji mmoja anamkabidhi mwenzake wa sehemu nyingine ya barabara, huyu anasema fulani kapita sekunde tatu mbele, yule anasema hapa kwangu zimebaki mbili, na pale jukwaa kuu kwa miaka mingi kulikuwa na mbao kubwa za matokeo, vijana wa skauti wanaziandika kwa mkono. Hakuna fataki hapo wala emsii wa kukuinua mikono. Ila mtu anasikia zimebaki mbili na mapigo ya moyo yanapanda yenyewe, na barabara mbele yake ni tupu kabisa. Hiyo nayo si burudani?

Halafu nenda spidwei, mbio za uwanja mdogo wa udongo, uone kitu kingine. Pale muziki una nyumba yake. Waendeshaji wanne, mizunguko minne, pikipiki hazina breki, zinaenda ubavu kwenye udongo, na dakika moja tu imeisha. Uwanja wote unauona ukiwa umekaa, hakuna cha kona ya mbali. Kila mmoja ana rangi yake ya helmeti, nyekundu, bluu, nyeupe, njano, mpaka mtoto wa miaka mitano anakwambia mama, wa njano kachomekewa. Ikiisha trekta linaingia kusawazisha udongo, mtangazaji anasoma matokeo, wa kwanza tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, na watu wazima na akili zao wameinama na kalamu wanajaza kwenye kijitabu cha ratiba kama wana mtihani. Ukipita katikati ya safu wakati huo watakukata jicho. Mtangazaji akikosea pointi uwanja unamsahihisha kwa kelele. Baada ya hapo piga muziki hata kwa fujo, trekta halina cha kutuambia, na muziki unakatika pikipiki zinaposogea kwenye utepe. Yaani mtu wa muziki na mtu wa mbio wanapokezana, hawapigani.

Supakrosi, zile mbio za kuruka matuta ya udongo, nayo ni hivyohivyo kwa namna yake. Tangu mwaka 1972 Wamarekani walipojaza udongo ndani ya uwanja wa Coliseum pale Los Angeles, na kijana wa miaka 16 Marty Tripes akawashinda wakubwa, mchezo ule umekuwa na damu ya shoo. Taa zinazimwa, moto unaruka, waendeshaji wanaingia mmoja mmoja kama mabondia. Sina neno. Mbio hazijaanza, huninyimi kitu.

Sasa hawa wa MotoGP mwaka 2023 waliamua kuchangamsha wikiendi, wakaleta mbio fupi za Jumamosi, sprinti, mshindi anapata pointi 12, na Jumapili asubuhi wakaweka maandamano ya kuwapungia mashabiki, mazoezi ya asubuhi ya pikipiki kubwa yakakatwa yakabaki dakika 10. Sprinti naikubali mia kwa mia japo waendeshaji wengine walilalamika kwamba wanachoka na wanaumia, maana aliyeweza kuja Jumamosi tu sasa na yeye anaona mbio za kweli. Yale maandamano, aah. Waendeshaji wamepandishwa juu ya gari wanapunga mikono, ni sawa kwa watoto na kwa selfi, lakini ukiangalia sura zao wengine utadhani wanapelekwa kuchanjwa.

Linganisha na Valentino Rossi mwaka 1999 Jerez, kashinda mbio za daraja la 250cc, anazunguka kupunga mkono, mara kaegesha pikipiki pembeni, kaingia kwenye choo cha wasimamizi wa njia na nguo zake zote za mbio, katoka, kaendelea na safari. Watu walicheka mpaka kesho. Mwaka 2010 palepale Jerez, Jorge Lorenzo kashinda akaenda kujitupa kwenye bwawa na helmeti yake. Johann Zarco akishinda anapanda kwenye kizuizi anapiga sarakasi ya kinyumenyume. Hizo ndo shoo zinazosimuliwa miaka ishirini, na zote zimetoka kwa mtu ambaye dakika mbili nyuma ulikuwa unamwombea asianguke. Emsii hata aruke vipi hana hicho kitu.

Haya, niwe muungwana, upande wa pili nao una hoja. Le Mans kule Ufaransa mwaka 2024 walijaza karibu watu 300,000 kwa siku tatu, na hutaniambia wote walikuja kuangalia nani anabadilisha mstari kwenye kona. Wale wamezoeshwa kwamba ni sherehe ya wikiendi nzima, kuna maonyesho ya pikipiki, kuna muziki, kuna mahema, kuna watu usiku kucha wanapiga resi injini mpaka inalia kama inachinjwa. Mtoto anayekuja kwa ajili ya sarakasi mwaka huu, mwaka wa tatu anakuja kwa ajili ya mbio. Nakubali. Ila muda wa sarakasi ni mwingi mno mbona, asubuhi, mchana, jioni, kati ya mbio na mbio. Mi naomba zile dakika arobaini tu.

Na ile dakika moja kabla ya kuanza, hiyo kabisa mniachie. Zimerudi kutoka mzunguko wa kupasha tairi, zinajipanga, yule bwana mwenye bendera nyekundu kasimama mbele yao peke yake, nyuma kule wa mwisho akishakaa sawa inapepea ya kijani, yule wa mbele anatembea kwenda pembeni, na hapo hata usimwulize mtu kitu, kila mmoja uwanjani anamwangalia mtu huyo mmoja anatembea. Taa nyekundu. Injini zinapanda pamoja. Taa zinazimika. Nimewahi kuwa mahali ambapo wakati huo kwenye spika kulikuwa na kuhesabu, kumi, tisa, nane, kwa mwangwi, na taa zikazimika tukiwa kwenye nne. Pikipiki zimeshafika kona ya kwanza sisi tunasema mbili.

Lakini lililoniudhi kuliko yote ni bendera nyekundu. Mbio zimesimamishwa, gari la wagonjwa linaenda taratibu upande wa pili ambako hatuoni, watu wanasimama wanashika mdomo, na dijei akaona pengo, akajaza. Wimbo wa kucheza. Wimbo mzima, na wa pili. Sikumtaka atangaze jina wala abahatishe hali ya mtu, hapana, sentensi moja tu ingetosha, mbio zimesimama, madaktari wapo, tutawaambia tukijua. Kisha nyamaza. Mama mmoja safu ya mbele aligeuka akaiangalia ile spika kama vile kuna mtu amekaa ndani yake. Baadaye tulisikia mwendeshaji yuko salama, kavunjika mkono, na hata hilo hatukulisikia kwenye spika.

Tulilisikia kwa mzee mmoja. Kuanzia lapu ya tano hivi tuligundua ana kiredio kidogo, waya umeingia sikio moja, na kwenye goti kaweka kipande cha boksi anaandika namba kwa kalamu ya wino, akipitwa mtu anakata anaandika upya. Safu nzima ikahamia kwake. Mzee wangu shikamoo, wameachana sekunde ngapi sasa? Anainua kidole kwanza, subiri, anasikiliza, halafu anasema nne na nusu, inashuka, na sisi tunapeleka habari safu za juu, nne na nusu, inashuka, inapanda hivyo mpaka inapotelea juu huko. Emsii akatangaza anataka kuona mikono yote hewani. Mzee akainua mmoja, ule wenye kalamu, akaushusha haraka maana namba tatu ilikuwa imeshapitwa.