Ukuta Mzima Koki

Leo asubuhi koki ya bafuni imenibaki mkononi. Ukutani kumebaki tundu, na tundu likamwaga maji kwa nguvu ambayo sijapata kuiona tangu nihamie Makorora. Siku zote yanadondoka kwa masharti. Leo mtu ana povu mpaka masikioni ndiyo yamepata ari. Nje ya mlango Mama Zuhura anauliza, "Baba Zuhura, unaimba?"

Na koki yenyewe haina hata umri wa kuheshimika. Ilikuwa inang'aa, wageni wakiisifu. Pale ilipokatikia, ndani ni kijivu tupu, chengachenga. Fundi bomba, aliyekuwa "njiani" tangu saa mbili, akafika adhuhuri na baiskeli yake, bila spana, akaigeuzageuza akacheka. "Zinki hii, mzee. Kromu wamepaka juu tu, na kwa upepo huu wa bahari haidumu. Tafuta ya shaba. Itazame kwenye nyuzi za ndani ambako kromu haifiki. Ukiona manjano, shaba hiyo. Ukiona kijivu, umeuziwa pambo."

Haya. Nikavaa kanzu na kofia, maana mwenye nyumba haendi kununua vitu vya bafuni na msuli. Ngamiani barabara zina namba, hata mgeni hapotei; mimi nikapotelea dukani. Ukuta mzima koki. Za fedha, za dhahabu, nyeusi, nyingine zimepindapinda hata hujui maji yatokee upande gani.

"Shikamoo mzee wangu. Karibu."

"Marahaba mwanangu. Nataka koki."

"Ya aina gani?"

"Ya maji."

"Mzee, koki zote ni za maji."

"Mtaani kwetu nyingi ni za upepo."

Hakucheka. Vijana wa siku hizi wanafundishwa kuuza, kucheka hawafundishwi. Akaniletea miksa, upande maji moto upande baridi. Maji moto, Tanga! Mwezi wa pili maji ya simtanki saa nane mchana yanakuchuna ngozi bila gharama, mtu anaoga kwa kurukaruka. Mimi ninayoyatafuta ni ya baridi, na hayo hayana koki dukani kwake.

Akaiacha miksa, akapanda ngazi, akashuka na sahani. "Shawa ya mvua hii, inchi 10. Ukisimama chini yake unasahau shida zote." Nikageuza boksi. Chini kabisa, kwa herufi za kusomea dua, imeandikwa inataka msukumo wa maji wa bar 1. Sasa bar 1 ni maji yaliyokaa juu yako mita 10, na simtanki langu liko juu ya mnara wa mita 3, tena mnara wenyewe umeinama. "Nipandishe tanki mita 10?" nikamwuliza. "Nitaonekana Pemba, mwanangu." Akasema nifunge pampu. Pampu inataka umeme. Tukatazamana. Hakuna aliyesema neno.

Kisha koki ya kuhisi mkono: huigusi, unanyoosha tu kiganja. Umeme ukikatika? Ina betri. Maji yakikatika? Akairudisha kwenye boksi.

Nikamwambia, kwa sauti ya mtu mzima, lete shaba, koki moja, baridi tu. Akaleta ya elfu tisini. "Shaba tupu hii." Nikatoa mfukoni sumaku niliyong'oa kwenye spika mbovu, nikaibandika. Haikushika. Kijana akafurahi, "Umeona, mzee!"

"Zinki nayo haishikwi na sumaku."

"Sasa umeileta ya nini?"

"Ya kukutisha."

Hapo akaingiwa na hasira ya kazi. "Ndani manjano, mzee, gusa nyuzi!" Na ili nisiwe na shaka akatia kidole chake mwenyewe, kidole cha mwisho, akakizungusha. Kikakaa. Akavuta. Kikakaa zaidi. Akatabasamu kwanza, kama sehemu ya maonyesho, halafu tabasamu likaisha.

Watu hao! Sijui wanatokea wapi. Mama mmoja mwenye baibui akasema apakwe mafuta ya nazi. Mpita njia mwenye birika la kahawa akasema avute pumzi, asome bismillahi, afikirie jambo jingine. Fundi seremala akajitolea msumeno, na aliutaja kwa furaha ambayo sikuipenda. Kijana akapiga kelele kwamba koki isikatwe, ni ya elfu tisini. Nikashangaa: hatetei mkono wake, anatetea bei! Mwenye duka akatoka nyuma, akatazama, akasema kwa upole kabisa, "Kidole chako. Koki yangu."

Ikaletwa sabuni ya kipande. Akasuguliwa mpaka kiwiko, mara kidole kikachomoka, makofi yakapigwa. Sasa mkono wote sabuni. Anawie wapi? Ukuta mzima koki, hakuna hata moja yenye maji. Mwenye birika la kahawa akamnawisha kwa maji ya kusuuzia vikombe.

Nyuzi zilikuwa manjano, kweli. Lakini ndani kuna sahani za kauri, robo mzunguko imefunga, na maji yetu yakikatika siku mbili hurudi na mchanga. Mchanga na kauri hawaelewani, kauri ikichubuka mstari mmoja tu, koki inavuja mpaka ununue kiini kizima cha ndani. Nikachukua ile ya kizamani ya kuzungusha, shaba, yenye washa ya mpira. Washa ikiliwa, hata duka la nazi wanayo.

Mama Zuhura ameitazama akasema, "Mbaya." Anataka na choo cha kukaa, kwa sababu shemeji yangu wa Dar analeta familia Idi na magoti yake hayachuchumai. Hayo magoti nayajua, kwenye sinia ya pilau yanakunjika vizuri sana. Na kila wakivuta, lita 6, vyoo vingine 9, zinakwenda, kuvuta kwenyewe wanavuta hata kwa kijiti cha kiberiti. Watu wanasema Tanga waja leo waondoka leo. Hawa wameshauliza kama godoro la tatu lipo. Na yule mtoto wao mkubwa, anayeoga huku anaimba beti zote na kiitikio mara mbili, nasikia ameingia kwaya ya shule.