Laki Moja na Ishirini za Kwaya: Turekodi au Tufundishe?

Kwa Jumapili tatu mfululizo kamati ya muziki ya kanisa letu hapa Kisumu imebaki nyuma baada ya ibada ya pili, ikijadili shilingi 120,000. Hakuna mfadhili aliyezitoa. Zilichangwa na washirika, wengi wao akina mama wanaouza sokoni Kibuye na vijana wa bodaboda, ili zisaidie huduma ya uimbaji. Upande mmoja unataka turekodi nyimbo mbili studio na kuzipigia video. Upande wa pili unataka tununue ngoma, tumlipe mwalimu wa kwaya posho ya mwaka mzima, atunge pamoja nasi nyimbo za kuimbwa hapa hapa. Mimi nimo katika kamati hiyo na nimekwisha kusema ninakoegemea: kwa mwalimu. Lakini hoja za wenzetu si za kupuuzwa, na moja au mbili zimeninyima usingizi.

Kijana wa mitaa yetu ya Nyalenda au Manyatta haamki na kitabu cha tenzi. Anaamka na simu, na nyimbo za dini anazozisikia humo zimepangwa vizuri, sauti ni safi, besi inasikika hata ndani ya matatu. Ukimpa rekodi iliyojaa mwangwi wa mabati ataizima kabla ya ubeti wa pili, na hatakuwa amekataa Injili. Atakuwa amekataa sauti mbaya. Wimbo uliorekodiwa vizuri unaweza kuchezwa Ramogi FM, ukamfikia mgonjwa asiyetoka kitandani na mtoto wa hapa anayefanya kazi ya ulinzi Doha. Unaweza kuwekwa Skiza, ile huduma ya Safaricom ya nyimbo za miito ya simu, na kumrudishia mtunzi senti mbili tatu.

Hilo la senti ndilo linalonigusa zaidi. Mtoto ambaye wazazi wake hawawezi kumlipia masomo ya muziki hujifunzia kinanda kanisani, Jumamosi alasiri, kwa kumtazama mkubwa wake vidole. Tukishamfundisha tunamtumia kila Jumapili, kila arusi, kila mazishi, halafu tunamlipa kwa “Mungu akubariki”. Barua ya kwanza kwa Timotheo inasema mtenda kazi anastahili ujira wake, nasi tumeizoea aya hiyo wakati wa kumkusanyia mchungaji tu. Vijana wanaodai studio wanadai pia kutambuliwa kwamba wanachofanya ni kazi, na wana haki.

Tena si kweli kwamba studio huua uimbaji wa kusanyiko. Reuben Kigame, mzaliwa wa Vihiga aliyesoma shule ya vipofu ya Kibos hapa karibu, amerekodi na kundi lake la Sifa Voices nyimbo za Kiswahili ambazo watu huziimba kanisani bila kujua zilitoka kwa nani. Zilipitia kwenye mashine, zikashuka hadi kwenye mabenchi.

Basi shida iko wapi? Nina mazoea ya kusimama nyuma kabisa wakati wa kuabudu na kuangalia midomo. Timu ya sifa ikianzisha wimbo ulioigwa kutoka kwenye video, ubeti wa kwanza watu hujaribu. Ufunguo ulichaguliwa kwa ajili ya koo la mwimbaji mmoja, kwa hiyo wimbo unapopanda midomo ya akina baba hufunga kwanza, kisha ya akina mama wazee. Inapofika ile sehemu ya kupaza mwishoni, yenye maneno mawili yanayorudiwa huku sauti ikizungushwa kwa madoido, wanaoimba ni watano walioshika maikrofoni. Waliobaki wameinua mikono au wamekaa. Sisemi hawaabudu, moyo wa mtu siuoni. Ninachosema ni kwamba wimbo huo haukuwaachia nafasi ya kuingia.

Kwetu magharibi mwa Kenya mtihani mkali wa wimbo wa kanisa haufanyiki Jumapili. Unafanyika matangani. Mwili umeletwa nyumbani kutoka mochari, watu wanakesha uani, na humo mna Waanglikana, Wakatoliki, Wasabato, wa makanisa ya Kiafrika ya Legio Maria na Nineveh, pamoja na majirani wasio wa kanisa lolote. Hakuna maneno yaliyoandikwa ukutani. Saa tisa za usiku mama mmoja anaanzisha kwa ufunguo wowote uliomjia, na wimbo ukiwa na mahali pa kupokea, uwanja mzima unapokea. Mstari wa mwanzilishi unaweza kubadilika kila mara: ataja jina la marehemu, ataja watoto aliowaacha, huku kiitikio kikibaki kile kile ili asiyejua lolote ajiunge mara ya pili. Huo ni ufundi, na una kanuni zake kama ulivyo na kanuni zake ufundi wa studio. Pambio zuri la namna hiyo lina kiitikio cha pumzi moja, halipandi mno, na maneno yake yanaeleweka mara ya kwanza kusikiwa. Ndiyo maana namtaka mwalimu. Ufundi huu haufundishwi na video.

Hata hivyo nisiwapambe wazee wetu kupita kiasi. Tulichorithi kama “uimbaji wa zamani” chenyewe kina kasoro. Marafiki, yaani Wakweka, walifika Kaimosi mwaka 1902, na Waanglikana wakafungua shule Maseno mwaka 1906. Walileta tenzi, wakazitafsiri, lakini tuni waliziacha zilivyokuwa. Sasa tazama kinachotokea. Tuni nyingi za Kiingereza huanza kwa pigo jepesi na kumalizia mstari kwa pigo zito. Kiswahili hufanya kinyume: mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno “Mwokozi” likiwekwa mwishoni mwa mstari kama huo, tuni inatua kwa uzito juu ya “zi” na kuiruka “ko”, na hapo unapata matamshi ambayo hakuna mtu angeyatumia akiongea. Kwa Dholuo, yaani Kijaluo, na lugha za Waluhya mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya maana ya neno. Tuni iliyotungwa kwa ajili ya Kiingereza haina habari na hilo. Inapandisha palipopaswa kushushwa, na msikilizaji hubaki akikisia.

Mtunzi wa hapa anayeanza na sentensi kama inavyosemwa nyumbani, akaifuata sauti yake hadi ikawa tuni, hana tatizo hilo kabisa. Hii ndiyo hoja yangu nzito kuliko zote ya kutunga badala ya kutafsiri au kuiga. Lakini nyanya yangu alikufa akiimba utenzi wa zile tuni za Maseno, mkazo umekosewa karibu kila mstari, na sitathubutu kusema haukuwa wake.

Kuhusu ngoma, wapo waliokwisha kujibu swali hili kabla hatujaliuliza. Zakayo Kivuli alianzisha African Israel Church Nineveh mwaka 1942 katika eneo ambalo leo ni Vihiga, na hadi sasa waumini wake hupita barabarani na bendera, ngoma na nyimbo. Kanisa Katoliki lilifika hapo kwa njia nyingine: waraka wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia, wa Desemba 1963, ulitaka muziki wa watu wa nchi za misheni upewe heshima na nafasi inayofaa katika ibada. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho, jamii mbili za Waluhya, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Naliona hapo jukumu la kanisa moja kwa moja. Kwa miaka mingi mahubiri yaliitoa ngoma nje ya uwanja. Watu wanaokutana kila juma, wenye watoto wa kufundishwa, wanaweza kuirudisha kuliko makumbusho yoyote.

Mzee mmoja wa kamati hakubali, na sababu yake naiheshimu. Kwake nyatiti, kinubi cha Wajaluo, si urithi. Nyatiti ni pombe, ni pakruok, ule mtindo wa kujisifu huku fedha zikitupwa kwa mpigaji, na ni miaka aliyoipoteza kabla hajaokoka. Ukimpigia nyuzi zile nane karibu na madhabahu, anarudi alikotoka. Vijana hawana kumbukumbu hiyo. Wao wanasikia tu sauti ya nyumbani. Isitoshe, gitaa la benga, muziki wa dansi wa Wajaluo, ambalo lilijifunza mchezo wake kutoka kwa nyatiti, limekwisha kuingia makanisani na hakuna aliyelikataa. Kwa maoni yangu tuanze na ngoma, ambayo haimuumizi mtu katika kusanyiko letu, nyatiti isubiri. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba angeacha kula nyama kabisa kuliko kumkwaza ndugu yake, na mzee huyu ni ndugu yetu. Lakini ngoma hiyo ipigwe Jumapili za kawaida. Ngoma inayotolewa stoo askofu akija tu ni mapambo.

Kuna jambo linalovuruga hoja yangu yote. Wimbo ulioshikwa kwa upendo kuliko pengine wowote katika eneo hili, Tukutendereza Yesu, una maneno ya Kiganda, na tuni yake ilitoka kwenye utenzi wa Kizungu wa karne ya 19. Uamsho wa miaka ya 1930 uliusafirisha kutoka Rwanda na Uganda hadi kwetu, na Wajaluo, Waluhya na Wakikuyu waliuimba kwa Kiganda hicho hicho. Tuni si ya hapa, wala lugha si ya hapa. Nikiufuata mfano huu hadi mwisho, inanibidi nikubali kwamba asili ya wimbo haiamui kama utawahudumia watu. Naona sababu mbili za kufaulu kwake. Ni mfupi, hata asiyejua Kiganda anaumudu kwa kusikia mara mbili. Tena watu waliupokea wakiwa wanafanya jambo pamoja: mtu alisimama akakiri wizi au chuki yake mbele ya wenzake, nao wakampokea kwa kuimba. Uliingia maishani kupitia tukio, ukabaki humo. Studio haiwezi kukupa hilo, lakini na mwalimu wa kwaya pia hawezi.

Lugha nayo. Kisumu tukitunga kwa Dholuo tutawafikia wengi mpaka ndani, ila ndugu zetu Waluhya na Wakisii walio katika kwaya hiyo hiyo watakuwa wageni. Nimeimba pia Nakuru, nilikoishi miaka kadhaa, na huko swali lina uzito mwingine. Katika mitaa kama Kaptembwa na Free Area, mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, lugha ya mtu iliweza kumtoa uhai. Baada ya hapo, kwaya kuimba kwa Kikuyu au kwa Kikalenjin katika kusanyiko la mchanganyiko hakukuwa suala la ladha. Waliokuwa wamechomewa nyumba walikaa benchi moja na watu wa lugha ya waliowachomea. Kiswahili kiliwapa mahali pa kusimama pamoja pasipo na mwenyeji wala mgeni. Anayesema wimbo wa lugha ya mama ndio pekee ulio wa kweli hajakaa kwenye benchi lile. Lakini tuliofika kule tulijua pia kwamba mama aliyefiwa, akiachwa peke yake jikoni, haombolezi kwa Kiswahili. Njia niliyoona ikifanya kazi ni kiitikio kuwa cha Kiswahili, na beti kuzunguka katika lugha za waliopo, kila mmoja akipewa zamu na wote wakiitikia. Inahitaji uvumilivu na mazoezi mengi. Nafikiri ndiyo kazi bora zaidi ambayo kwaya ya mtaani inaweza kufanya.

Na mtaa si waumini peke yao. Jirani aliyetoka zamu ya usiku, aliye na mtoto mgonjwa, au Mwislamu wa nyumba ya pili, naye anapokea muziki wetu apende asipende. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaligusa kanisa kama zinavyoligusa baa. Spika mbili mpya zisingekuwa huduma kwake.

Kama nilivyosema, nimeegemea kwa mwalimu. Walionibana zaidi walinibana kwa sheria. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda utungo wa muziki ulioandikwa, uliorekodiwa au kuwekwa katika umbo la kushikika. Pambio lililotungwa na mama wa Manyatta na kubaki midomoni mwa watu halina kinga hiyo. Msanii wa mbali akilisikia matangani, akaingia nalo studio, jina litakaloonekana ni lake. Kijana aliyetoa hoja hii hakuwa akitafuta umaarufu; nyanya yake ndiye mama huyo.

Hatukuwa na jibu Jumapili iliyopita. Tulichokubaliana kwa sasa ni kidogo. Kuanzia Jumamosi hii, kila wimbo mpya ukishakaa sawa, simu itawekwa juu ya meza, mtunzi ataje jina lake, tarehe na mahali, kisha kwaya iimbe mara moja bila kinanda. Karani ataandika sol-fa yake, yaani noti kwa do, re, mi, katika daftari la kanisa. Hilo halihitaji hata shilingi moja katika zile 120,000. Kuhusu fedha zenyewe tutakutana tena baada ya ibada ya pili, na yule kijana ameahidi kuja na nyanya yake.