Kwa Nini Nimebaki na Vigololi

Kosa la kwanza lilikuwa langu mwenyewe, naanza nalo. Mteja mmoja mwenye ofisi kwenye ghorofa la Posta aliniletea oda ya vibao vya milango, na kila kimoja alitaka kiwe na nukta nundu, yale maandishi ya wasioona ya kusoma kwa kidole, chini ya maandishi ya kawaida. Nilikuwa sijawahi kutengeneza. Nikatafuta alfabeti yake intaneti, nikapanga nukta kwa ustadi, nikachapa kwenye stika, nikabandika juu ya akriliki. Vilipendeza kweli. Wiki iliyofuata nikaenda kudai hela iliyobaki, nikamkuta mapokezi mwalimu mmoja mstaafu, haoni, amekuja kwa shughuli zake. Dada wa mapokezi akamshika mkono kwa furaha hadi mlangoni. "Mwalimu, siku hizi na nyinyi tumewakumbuka." Mzee akapapasa, akapapasa tena. "Mmeyaweka wapi, mwanangu? Mbona hapa nagusa plastiki tu?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ila tulikuwa ghorofa ya sita.

Na hapo ndipo nilipogundua kioja cha maghorofa yetu. Lifti inatoka kiwandani na nukta zake kwenye vitufe, kwa hiyo mtu asiyeona anajipeleka hadi ghorofa anayoitaka bila kumuuliza mtu. Akitoka nje ya lifti tu, milango yote inakuwa bubu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 9 ya mkataba huo inataja waziwazi alama za nukta nundu kwenye majengo ya umma. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Karatasi tunazo. Vibao ndivyo vya kutafuta kwa tochi.

Tangu siku ile nimejaribu njia nyingi ambazo karakana ya mtaa wetu wa Gerezani, hapa Dar, inaweza kuzimudu, na nyingine nimezishika kwa wenzangu. Vipimo ninavyofuata ni vya Marekani vya mwaka 2010, kwa sababu vinampa fundi namba badala ya maneno matamu: nukta iwe na kimo cha milimita 0.6 hadi 0.9, kitako chake milimita 1.5 hadi 1.6, na kichwa chake kiwe cha mviringo kama kuba la msikiti. Herufi za kawaida nazo zisimame juu ya kibao angalau milimita 0.8. Zisimame, nasema. Mashine ya leza huchimba herufi kwenda ndani, na wateja wengi hudhani ni mamoja. Si mamoja hata kidogo. Kidole kinasoma mlima, shimo linakipotezea muda.

Printa ya 3D ndiyo vijana wananiuliza kila siku. Inafanya kazi, lakini ukilaza kibao wakati wa kuchapa, nukta inajengwa kwa matabaka yanayoonekana kama ngazi, na kidole kinapita kama kwenye msasa. Ukikisimamisha inakuwa laini zaidi, ila muda unaongezeka. Plastiki yake ya kawaida, PLA, huanza kulegea kwenye nyuzi joto kama 60. Kiweke kwenye geti linalopigwa na jua la mchana la Kariakoo, halafu urudi Januari ukione.

Shaba na chuma vya kumimina ni imara kuliko vyote. Pia ndivyo vya kwanza kuondoka usiku kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Sina zaidi la kusema hapo.

Njia inayonipa shida kuikataa ni ya polima. Unachukua bati lenye tabaka la nailoni linalobadilika kwa mwanga, unaweka juu yake filamu nyeusi yenye maandishi yaliyo wazi, unalipiga kwa mwanga wa urujuanimno, kisha unaliosha kwa maji. Palipopigwa mwanga panakuwa pagumu na kubaki, pasipopigwa panayeyuka na kwenda na maji. Herufi na nukta zinatoka mwili mmoja na kibao, hakuna gundi, hakuna cha kung'oka. Mafundi mihuri wa mjini wataitambua mara moja, maana muhuri wa polima hupikwa kwa akili hiyohiyo. Kwa uzuri na usahihi, sijaona inayoishinda. Tatizo ni kwamba mabati yenyewe yanaagizwa nje, na aina za kawaida zimetengenezwa kwa matumizi ya ndani. Unyevu na jua si marafiki zake, na Dar hivyo viwili havihitaji mwaliko. Halafu chumba kikibadilika kutoka stoo kuwa mhasibu, unaanza upya: filamu, mwanga, maji, na kusubiri mzigo bandarini.

Printa za wino unaokaushwa kwa mwanga zinafanya jambo jingine: zinarundika wino tabaka juu ya tabaka hadi nukta inyanyuke. Haraka, rangi nzuri, na mwenzangu mmoja anaapa kwazo. Mimi nimeona nukta zake zikibanduka kwa ukucha pale plastiki ilipokuwa haijasafishwa vizuri kabla ya kuchapa. Yeye anasema nilikuwa na fundi mvivu. Huenda ni kweli, maana fundi alikuwa mimi.

Kwa hiyo nimebaki na vigololi. Mashine ya CNC, ile ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, inatoboa vitundu kwenye kibao, kila nukta na kitundu chake, kisha unasukumiza ndani kigololi cha akriliki chenye kipenyo cha milimita 1.6 mpaka nusu yake izame. Fanya hesabu: nusu iliyobaki nje ni milimita 0.8, na umbo lake ni kuba bila wewe kulichonga. Huwezi kuikosea kuba ya gololi. Unachoweza kukosea ni upana wa kitundu, na hapo sindano ya drili iliyochakaa ni adui. Kitundu kikilegea, kigololi kinatoka, na nukta moja ikitoka herufi inakuwa nyingine. Herufi za kawaida nazikata kwenye plastiki nyembamba, nachonga umbo lake kwenye kibao, nazitumbukiza humo. Kuzigundisha juu juu niliacha baada ya kugundua kwamba mlinzi wa zamu ya usiku hana burudani nyingine zaidi ya kuzikwangua.

Kuna wanaoona vigololi ni ushamba, kwamba kazi ya mkono haifai jengo la kisasa. Mimi natazama siku kibao kitakapoharibika. Cha polima kinatupwa. Cha vigololi kinarudi mezani.

Yaliyobaki hayana mashine. Usitumie akriliki inayong'aa, maana wenye uoni hafifu ni wengi na mwako wa taa unawafutia maandishi. Herufi nyeupe kwenye bluu iliyokoza isiyo na mng'ao inatosha. Kibao kikae ukutani upande wa kitasa, si juu ya mlango wenyewe, la sivyo msomaji atafunguliwa mlango usoni. Kimo cha maandishi kutoka sakafuni ni kati ya mita 1.22 na 1.52 hivi. Na weka alama ya juu na chini nyuma ya kibao, kwa sababu mfungaji asiyejua nukta nundu atakigeuza kichwa chini akiamini amefanya kazi safi. Vipande vyenye nukta peke yake ndivyo hatari. Herufi p ikipinduliwa inageuka kuwa alama ya namba, na w inageuka r.

Yule mwalimu mstaafu siku hizi ndiye anayenipitishia kazi kabla sijadai malipo. Namlipa, na chai juu. Mwezi uliopita nilimpelekea vibao vya zahanati moja, akavipitia kimoja kimoja, kikombe mkono wa kushoto. Kwenye dirisha la malipo akasimama.

"Kijana, hapa umeandika malilo. Watu huku wanalipa au wanalia?"

Kigololi cha nne cha p kilikuwa kimedondoka njiani, ikabaki l. Nikatoa kingine mfukoni na tone la gundi. Chai yake ilikuwa bado inatoa moshi.